Harufu ya Chai: Kutoka Jani la Mogogosiek Hadi Chupa ya Manukato

Katika ufundi wa manukato, akodi ni vitu viwili, vitatu au zaidi vyenye harufu vilivyochanganywa kwa vipimo vinavyoifanya pua isivitambue tena kimoja kimoja, bali isikie harufu moja mpya. Manukato mengi yanayouzwa duniani yamejengwa juu ya akodi chache zilizokwisha kuwa maarufu. Akodi ya fougère ilipata jina lake mwaka 1882, Paul Parquet alipoitengenezea kampuni ya Houbigant manukato ya Fougère Royale kwa lavenda, kumarini na kuvumwani ya mti wa mwaloni. Ile ya chypre ilienea baada ya François Coty kutoa manukato ya jina hilo mwaka 1917, yenye bergamoti juu, na utomvu wa labdanamu pamoja na kuvumwani chini. Akodi ya chai ni changa kuliko hizo. Ilijulikana mwaka 1992 tu, lakini tayari imeingia kwenye sabuni, losheni, mishumaa na chupa za bei zote. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina faida ambayo fougère na chypre hazina: jani linaloigwa linachumwa huku huku, na mtu anaweza kulinusa katika kila hatua, tangu likiwa bichi kwenye kikapu mpaka likiwa kavu kwenye gunia.

Mogogosiek ni mji mdogo katika eneo bunge la Konoin, kaunti ya Bomet, kwenye nyanda za juu zinazopakana na msitu wa Mau upande wa kusini magharibi. Mwinuko wake ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya kutosha karibu mwaka mzima, usiku ni wa baridi, na vilima vyote vimefunikwa na michai ya wakulima wadogo. Majani yao huenda kwenye kiwanda kilichopewa jina la mji huo, kinachosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964. Kilimo cha chai chenyewe ni kikongwe kuliko shirika hilo. Mzungu aitwaye Caine alipanda chai ya kwanza nchini huko Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa Kericho. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kuipanda kwa ajili ya biashara. Ni kuanzia miaka ya 1950 na 1960 ndipo mkulima mdogo alipoingia, na leo ndiye anayetoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya.

Jani bichi halina harufu ya chai. Likisagwa kati ya vidole linatoa harufu ya nyasi zilizofyekwa, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli huvunjika papo hapo na kutoa molekuli ndogo nyepesi zenye ukali wa ubichi. Harufu za maua zimo ndani ya jani hilo hilo, ila zimefungwa. Kila molekuli ya aina hiyo imeshikamanishwa na sukari, na ikiwa imeshikwa hivyo haiwezi kuruka hewani wala kufika puani. Kimeng'enya chenye uwezo wa kuikata sukari hiyo kinakaa sehemu nyingine ya seli, na jani likiwa hai vitu hivyo viwili havikutani. Jambo hili lilielezwa vizuri na watafiti wa Japani, akiwemo Kanzo Sakata, katika miaka ya 1990. Chai hupata harufu yake pale tu jani linapolegea au kuvunjwa, kimeng'enya kikakutana na kile kilichofungwa na kukifungua.

Kulegea huko huanzia kwenye ukumbi wa kunyausha. Majani yanayoletwa na magari kutoka vituo vya kununulia hutandazwa juu ya mabirika marefu yenye waya chini, na feni hupuliza hewa kupitia humo kwa saa 12 hadi 18 au zaidi. Maji ndani ya jani hupungua kutoka kati ya asilimia 75 na 80 hadi karibu asilimia 70. Mfanyakazi anayekagua huchota konzi moja na kuifinya: jani lililonyauka sawasawa hubaki limeshikana kiganja kinapofunguliwa, na ubua wake hupindika bila kukatika. Pua nayo hutoa taarifa yake. Jioni, majani yakiwa yamemwagwa tu, ukumbi wote hunuka kama uwanja uliofyekwa. Kunapokaribia kucha, ubichi ule umetulia na mahali pake pameingia harufu ya tufaha, ya maua, na kwa mbali harufu ya dawa ya kuchua misuli.

Harufu hiyo ya mwisho haitokani na njozi ya pua. Ni methili salisileti, kemikali ile ile inayotiwa kwenye dawa za kuchua, na jani la chai huitengeneza lenyewe. Harufu ya maua hutoka hasa kwa linaloli, inayopatikana pia kwenye lavenda, mrehani na ganda la bergamoti. Kuna geranioli, yenye harufu ya waridi, na fenilasetaldehidi, yenye utamu wa asali. Mchanganuo wa chai mbalimbali umeonyesha molekuli zaidi ya 600 zinazoruka hewani, na bado zote kwa pamoja ni kama asilimia 0.01 tu ya uzito wa chai kavu. Tofauti kati ya chai inayonukia na isiyonukia imo ndani ya kipimo hicho kidogo.

Aina ya mmea nayo ina neno. Mtafiti wa Japani, Tadakazu Takeo, alilinganisha linaloli na geranioli katika chai za nchi nyingi na kugundua kwamba michai ya asili ya China, yenye majani madogo, huegemea geranioli, na ile ya Assam, yenye majani mapana, huegemea linaloli. Michai ya Bomet na Kericho ni ya ukoo wa Assam. Kwa hiyo harufu ya mashamba hayo, pale inapotunzwa, ni nyepesi na changamfu, karibu na ganda la machungwa kuliko waridi.

Kutoka kwenye mabirika jani huingia kwenye mashine za CTC, yaani jozi za roli zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti na kulikata, kulirarua na kulikunja jani kwa pamoja. Njia hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam mwaka 1930, na karibu chai yote ya Kenya hutengenezwa kwa njia hiyo. Kinachotoka ni unga mzito wa kijani kibichi, unyevu, unaoanza kubadilika rangi mbele ya macho. Hapo ndipo kemia inapokwenda mbio. Hewa huingia kwenye kila chembe, na kwa muda wa saa moja hadi mbili unga hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Viwandani hatua hii huitwa kuchachusha, ingawa hakuna hamira wala bakteria wanaohusika. Ni oksijeni na vimeng'enya vya jani. Rangi ya njano-nyekundu na ule ukali unaokamata ulimi huzaliwa hapo.

Hapo hapo huzaliwa kitu ambacho mtengenezaji manukato wa Paris angekitambua mara moja. Jani la chai lina karotini, rangi ile ile ya karoti, iliyofichwa na kijani. Inapovunjwa na oksijeni, na baadaye na joto la kukaushia, vipande vyake huruka hewani vikiwa na harufu kali mno. Kimojawapo ni beta-ayononi, yenye harufu ya ua la vayoleti, ya rasiberi na ya mbao kavu. Ukoo huo wa rangi ndio unaozaa pia damasenoni, yenye harufu ya waridi lililochanganyika na matunda yaliyopikwa. Kiasi chake ni kidogo sana, lakini pua ya mtu wa kawaida huisikia beta-ayononi ndani ya maji hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni moja, na kwa hiyo kidogo hicho kinatosha.

Mwisho unga hupita kwenye mashine ya kukaushia yenye hewa ya zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, inayopashwa na mvuke wa boila za kuni za mkaratusi. Baada ya dakika kama 20 unyevu umebaki asilimia 3 hivi. Mtu anayepita barabarani husikia harufu tamu ya kuokwa, na kwa kweli anachonusa ni sehemu ya chai inayopotea: molekuli nyingi nyepesi huondoka na hewa hiyo ya moto. Chai ya ortodoksi, inayosokotwa polepole bila kukatwa vipande vidogo, kwa kawaida hubakiza zaidi za maua. CTC hutoa rangi, nguvu na wepesi wa kuiva kikombeni, na soko la Mombasa, ambako mnada wa chai umefanyika tangu mwaka 1969, limezoea kuinunua chai ya Kenya kwa sifa hizo ili kuitia nguvu michanganyiko ya mifuko ya chai ya Uingereza, Pakistan na Misri. Sifa hizo ni za haki, lakini zimefanya watu waamini kwamba chai ya huku haina harufu, na hilo si kweli.

Ushahidi umetoka Kericho kwenyewe. Mkemia Philip Okinda Owuor, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho kabla ya kuwa profesa Chuo Kikuu cha Maseno, alitumia miaka mingi kupima harufu za chai ya Kenya. Aligawa molekuli katika makundi mawili: lile la ubichi wa nyasi, na lile la maua na asali, linalojumuisha linaloli, geranioli, methili salisileti na beta-ayononi. Uwiano kati ya kundi la pili na la kwanza ukawa kipimo cha ubora wa harufu. Matokeo yake yanamgusa kila mchumaji. Majani mawili na chipukizi hutoa uwiano mzuri. Ukishuka hadi jani la tatu na la nne, ubichi hupanda na maua hufifia. Mchai unaokawia kuchumwa hufanya hivyo hivyo, na mbolea ya nitrojeni ikizidi, mavuno huongezeka lakini harufu hupungua. Shamba la mwinuko wa juu, ambako baridi huchelewesha jani kukua, hutoa harufu bora kuliko la bondeni. Mkulima wa Mogogosiek anaposisitiza kwamba kikapu kisichanganywe na majani makubwa, anatetea linaloli hata kama jina hilo hajawahi kulisikia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi mafundi wa manukato wasichukue chai yenyewe na kuikamua. Jambo hilo hufanyika, lakini matokeo yake huwashangaza wengi. Chai ikiloweshwa kwenye kiyeyushi na kusafishwa kwa alkoholi, hupatikana uto mzito wa rangi ya kahawia unaonukia tumbaku, nyasi kavu na ngozi. Umetoka kwenye chai, wala hakuna udanganyifu ndani yake, ila haumkumbushi mtu kikombe. Harufu za juu, zile zinazopanda na mvuke, zilikuwa chache tangu mwanzo na zimepotea njiani. Tena bei yake ni kubwa. Kwa hiyo uto huo hutumiwa kwa matone, kutia rangi na uzito, na harufu ya kikombe hubidi ijengwe upya kwa vitu vingine.

Aliyeijenga ni Jean-Claude Ellena, mzaliwa wa mwaka 1947 wa Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa ulioishi kwa manukato kwa karne nyingi. Ameeleza kwamba wazo lilimjia kwa kunusa makopo ya chai katika duka la Mariage Frères mjini Paris, nyumba ya chai iliyoanzishwa mwaka 1854. Badala ya kuorodhesha mamia ya molekuli za chai na kuziiga moja moja, alitafuta chache zaidi zinazoweza kuifanya pua iseme “chai”. Alipata mbili: beta-ayononi na Hedione. Kampuni ya vito ya Bvlgari ya Roma, iliyokuwa haijawahi kuuza manukato, ikaichukua kazi yake kwa ajili ya maduka yake, na mwaka 1992 ikatoka Eau Parfumée au Thé Vert.

Historia ya kila kimoja kati ya vitu hivyo viwili inafaa kuelezwa. Ayononi ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1893 na Wajerumani Ferdinand Tiemann na Paul Krüger, waliokuwa wakitafuta harufu ya vayoleti. Walianza na sitrali, kiini cha harufu ya limau kinachopatikana kwa wingi kwenye mchaichai. Sitrali ikiunganishwa na asetoni, kisha ikatiwa asidi, hujikunja kuwa ayononi. Kwa miongo mingi uto wa mchaichai ulikuwa malighafi kuu ya kazi hiyo, kabla viwanda havijaanza kutengeneza sitrali kwa njia nyingine. Kwa hiyo mmea unaokatwa nyuma ya jiko kunogesha chai ya rangi ndio uliotoa, kwa safari ndefu ya maabara, nusu ya akodi ya chai.

Nusu ya pili imetoka kwa ua la yasmini. Katika maabara ya kampuni ya Firmenich huko Geneva, mkemia Edouard Demole alichunguza uto wa yasmini na kutambua ndani yake methili jasmonati. Kutokana na uchunguzi huo akatengeneza ndugu yake wa karibu, methili dihidrojasmonati, iliyopewa jina la biashara Hedione. Edmond Roudnitska aliitumia katika Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966, na tangu hapo ni vigumu kupata manukato yasiyo nayo. Peke yake ni hafifu: yasmini isiyo na uzito, yenye uchangamfu wa limau na hisia ya nafasi na unyevu. Kazi yake kubwa ni kuvifanya vitu vingine visikike kana kwamba hewa imepita katikati yao.

Ukinusa beta-ayononi peke yake hutaifikiria chai, na Hedione peke yake vilevile. Zikiwa pamoja, ukavu wa mbao na utamu wa tunda wa ile ya kwanza huchukuliwa na wepesi wa ile ya pili, na mvuke wa chai huonekana kuinuka. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa mazingaombwe, lakini kemia ya jani inatoa sababu. Beta-ayononi ni ya chai kweli, imezaliwa na karotini yake. Hedione haimo ndani ya chai, ila jasmonati imo: mimea huitengeneza inapojeruhiwa, na ndugu yake imepatikana kwenye chai za oolong. Ellena hakulisomea jambo hilo kwenye jedwali la maabara. Aliongozwa na pua. Pua yake ilichagua mambo mawili ambayo jani lenyewe huyafanya likikatwa, likigusana na hewa na kuanza kubadilika.

Kuna upande mwingine wa akodi hii ambao wauzaji huutaja mara chache. Watu hawaisikii beta-ayononi kwa namna moja. Mwaka 2013 watafiti wa New Zealand walionyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni iitwayo OR5A1 huamua kama mtu ataisikia harufu hiyo waziwazi kama ua, au ataisikia kwa shida na kama kitu chenye uchachu. Zaidi ya hayo, hata pua inayoisikia vizuri huizoea upesi: baada ya pumzi chache hupotea, kisha hurudi. Ndiyo maana mtu mmoja husifu manukato ya chai kwa utulivu wake na mwenzake akaona chupa ile ile haina kitu. Wote wawili wanasema kweli.

Akodi tupu haijawa manukato. Ellena aliizungushia bergamoti na machungwa kwa juu, iliki, giligilani na pilipili katikati, na chini akaweka mbao na miski. Bergamoti ilikuwa chaguo la wazi, kwa kuwa Waingereza wamekuwa wakitia uto wa ganda lake kwenye chai ya Earl Grey tangu karne ya 19, na linaloli iliyomo ndani yake ni ile ile ya jani la Assam. Iliki na pilipili manga kwa Mwafrika wa Mashariki hazihitaji maelezo. Mtu wa Mombasa, Lamu au Unguja aliyelelewa na chai ya viungo akiinusa chupa hiyo hukuta vitu vya sufuria ya nyumbani vimepangwa upya, bila maziwa na bila sukari. Yasmini nayo ina mwenyeji wake pwani. Asumini, ambayo wanawake huitunga pamoja na maua mengine na kuivaa jioni, ni mmea ule ule unaotumiwa huko Fuzhou, China, kutengeneza chai ya yasmini: maua yanayofunguka usiku hutandazwa pamoja na chai kavu, chai ikainywa harufu yake, kisha maua yakaondolewa na mapya yakaletwa. Uwezo huo wa chai wa kunyonya kila harufu iliyo jirani ndio unaowafanya wenye maghala wasiihifadhi karibu na vitunguu wala sabuni.

Baada ya mwaka 1992 akodi ilianza kuzaa. Mwaka 1994 Alberto Morillas na Harry Fremont waliingiza chai ya kijani kwenye CK One ya Calvin Klein, manukato yaliyouzwa kwa wanawake na wanaume bila kubagua, na kwa njia hiyo watu wengi walivaa harufu ya chai bila kujua. Mwaka 1999 Francis Kurkdjian alitengeneza Green Tea ya Elizabeth Arden, yenye ndimu na mnanaa mwingi zaidi, kwa bei ambayo wengi waliimudu. Katika matoleo ya kijani fundi huongeza molekuli za nyasi zilizofyekwa, yaani lile kundi la kwanza la Owuor, ambalo kwa chai nyeusi ni dosari. Ubichi ule ule unaoshusha ubora wa chai nyeusi ndio unaotafutwa kwenye manukato ya chai ya kijani.

Toleo la chai nyeupe hufuata njia tofauti. Chai nyeupe hutokana na machipukizi yanayokaushwa bila kusokotwa, na harufu yake kikombeni ni hafifu mno, kwa hiyo fundi hutegemea miski safi na maua mepesi kupendekeza weupe. Thé Blanc ya Bvlgari, iliyotungwa na Jacques Cavallier mwaka 2003, ni mfano wake. Thé Rouge ya mwaka 2006, kazi ya Olivier Polge, iligeukia rooibos, kichaka cha milima ya Cederberg nchini Afrika Kusini ambacho kwa botania si chai hata kidogo.

Chai nyeusi ilichelewa kupata haki yake, na hilo linasikitisha kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi. Hapa beta-ayononi huongezewa damasenoni kwa ajili ya utamu wa matunda yaliyopikwa, uto halisi wa chai au wa tumbaku kwa ajili ya giza, na pengine mate, jani la Amerika ya Kusini lenye harufu ya nyasi kavu. Inafaa kukumbuka kwamba damasenoni ilitambuliwa kwenye uto wa waridi la Bulgaria na kundi la wakemia wa Firmenich akiwemo Demole, yule yule wa Hedione. Thé Noir 29 ya Le Labo, iliyotungwa na Frank Voelkl mwaka 2015, ni ya tawi hili: tini, tumbaku na jani kavu. Ellena mwenyewe alirudi kwenye chai mwaka 2005 akiwa Hermès, akatunga Osmanthe Yunnan, inayounganisha chai ya Yunnan na ua la osmantasi. Muungano huo haukuwa wa kubahatisha, maana ua hilo limejaa beta-ayononi kwa asili yake.

Tawi la moshi ndilo ambalo wenyeji wa Bomet na Kericho wangelielewa upesi kuliko Mzungu. Asili yake ni lapsang souchong, chai ya milima ya Wuyi huko Fujian inayokaushwa juu ya moshi wa misonobari. Moshi wa kuni huzaa fenoli kama gwayakoli, na fundi huzipata kwa lami ya mti wa betula au kwa molekuli zenyewe. Familia hiyo ya harufu imo kwenye mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin: kibuyu, yaani sotet, husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet kabla ya kutiwa maziwa, na makaa hayo huyaachia maziwa rangi ya kijivu na harufu ya moshi iliyotulia. Aliyekua akinywa mursik hatashtushwa na Tea for Two, ambayo Olivia Giacobetti aliitungia L'Artisan Parfumeur mwaka 2000 kwa chai ya moshi, tangawizi, mdalasini na asali. Bvlgari Black ya Annick Menardo, ya mwaka 1998, ilisogea mbali zaidi na kuweka moshi huo pamoja na harufu ya mpira na vanila. Ni kazi ya ujasiri, na miongoni mwa matoleo yote ndiyo inayoonyesha akodi inaweza kunyooshwa hadi wapi bila kukatika.

Kwa mnunuzi wa kawaida, maandishi ya boksi yanaweza kumsaidia akijua pa kutazama. Sheria za Umoja wa Ulaya zilizotungwa mwaka 2003 zilitaja viambato 26 vya manukato vinavyoweza kuwadhuru wenye mzio, na kuamuru viandikwe kwa majina yake vinapozidi kipimo fulani. Mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa ikapita 80. Kwa kuwa kampuni nyingi hutumia boksi moja kwa masoko yote, majina hayo hufika hadi maduka ya Bomet na Nairobi. Linalool, Geraniol, Limonene na Citral ni ya kawaida kwenye manukato ya chai. Linaloli ikiwa mpya haina shida kwa wengi, lakini ikikaa na hewa muda mrefu hubadilika na kuanza kuwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo chupa ihifadhiwe imefungwa, mbali na jua na joto. Maneno Camellia Sinensis Leaf Extract kwenye sabuni au losheni ni jambo jingine. Yanamaanisha kwamba maji au uto wa jani la chai umetiwa ndani, mara nyingi kwa ajili ya ngozi na tangazo. Harufu ya chai inayosikika humo karibu kila mara imetoka kwenye neno fupi linaloandikwa kando yake, Parfum, ambamo ndimo akodi ilimo.